Hasira Niliyoipika Miaka Saba

Mwanangu Maryamu,

Salamu zangu unazo tayari. Asubuhi umeniamkia, umenibusu mkono, na hatujaachana hata nusu siku. Basi sikuandikii kukujulia hali. Nakuandikia kwa sababu yapo maneno ambayo kinywa changu hakiyawezi mbele ya uso wako, na kesho uso wako utakuwa kwenye basi la Mogadishu.

Umekwenda kuaga majirani, na najua Kismayo yetu ilivyo: kila mlango utakaopiga hodi watakuketisha wakupe chai, kwa hiyo nina nafasi mpaka magharibi. Babako yuko uani, ameifungua redio vipande vipande, na sidhani atajua kuirudisha. Mamako mkubwa Mwanaesha anakaanga samaki wako wa safari na ameapa nisiguse jikoni. Na mimi nimekaa na kalamu. Unajua herufi hizi nilizipata ukubwani, mwaka ule vijana wa skuli walipopelekwa kila mtaa kuwafundisha watu wazima kusoma Kisomali. Mimi Kisomali nimekiandika kidogo, ila herufi nimezichukua nikazitia Kiswahili changu. Ukiona nimekosea, soma kwa sauti, utanisikia.

Ya kufunga pesa kwenye pindo la nguo, ya kutokula chakula cha njiani, ya kutomwamini mtu anayekuita dada kabla hajakujua jina, hayo yote mamako mkubwa ameshakujaza masikioni tangu Jumatatu. Siyarudii. Mimi nataka kukusimulia makosa yangu, maana ndiyo mali niliyoichuma mwenyewe. Na liko moja nililokufanyia wewe, hulijui. Nitalifikia. Nikilisema sasa hutasoma yaliyobaki.

Unajua ulikuwa na kaka. Unajua aliitwa Omari na amezikwa Chovai, kisiwani kwetu. Zaidi ya hapo hujui, kwa kuwa kila ulipouliza nilikutuma dukani.

Babako alipopata kazi ya bandari hapa Kismayo, mimi nilikuwa msichana wa miaka ishirini, Omari ana mitatu. Nyumba tuliyopewa ilikuwa chafu, kuta zimeota ukungu, haina choo cha maana. Nikasema nitakuja mbele niitengeneze, na mtoto nikamwacha Chovai kwa dadangu Mwanaesha. Mwezi mmoja tu. Mwanaesha alikuwa hajajaaliwa mtoto, na alimpenda Omari kupita kiasi. Hata kumwogesha alikuwa akimwogesha kama anayeosha yai.

Wiki ya tatu Omari akashikwa na homa. Siku ya pili akafa. Nilipofika kisiwani alikuwa ameshazikwa, na ndani ya nyumba wamejaa wanawake wa kisiwa kizima. Mwanaesha akainuka kunipokea, mikono ameikunjua. Nikamwambia mbele yao wote, kwa sauti ambayo sikujua ninayo:

"Usiniguse. Wewe ndiye uliyemuua mwanangu."

Aliteremsha mikono, akakaa pale alipokuwa amekaa.

Mwanangu, neno likishatoka halirudi, hiyo unaijua. Usilolijua ni kwamba neno hilo unaweza kukaa nalo, ukalilisha, ukalilaza kitandani, ukaamka nalo. Mimi nilikaa nalo miaka saba. Ulipozaliwa, Mwanaesha alinitumia mkeka wa miyaa aliousuka mwenyewe, wa kukulazia. Nikaurudisha na mtu yule yule aliyeuleta. Ulipokuwa na miaka minne uliniuliza, "Mama, watoto wote wana mama mkubwa, mimi wangu yuko wapi?" Nikakwambia huna. Siku nyingine ulimwaga unga, kibaba kimoja tu, nikakupiga kofi ukaanguka. Pengine hulikumbuka. Mimi nalikumbuka kwa niaba yako.

Na babako, masikini, alijifunza kuingia nyumbani kama mwizi, akichungulia kwanza nimeamkaje. Nilikuwa sina usingizi. Kichwa changu kilikuwa kama soko: kila dakika natunga maneno ya kumwambia Mwanaesha siku tutakayokutana, na katika kila mazungumzo hayo mimi ndiye ninayeshinda. Nikishamaliza kushinda, naanza upya.

Wakati huo nilikuwa napika chakula kwa mafundi wa karakana ya injini za mashua, ule upande wa bandarini. Kibanda cha makuti, meko matatu, benchi mbili. Asubuhi mkate wa mofa na chai, mchana wali kwa mchuzi wa papa. Hapo ndipo alipokuja Bwana Soma.

Ulikuwa mdogo, labda unakumbuka miwani yake aliyoifunga kwa uzi. Jina lake lilikuwa Somapala, mtu wa kisiwa cha Silani, huko kusini ya Bara Hindi, fundi wa injini. Sisi jina tukalikata tukamwita Bwana Soma, na watu wakacheka, kwa kuwa hatukumwona kushika kitabu, alishika spana tu kutwa nzima. Alikaa Mombasa miaka mingi kabla ya kuletwa kwetu, kwa hiyo Kiswahili alikijua, kile cha mafundi, hakina adabu nyingi lakini kinafika. Dini yake ilikuwa ya Budha. Hakuificha wala hakuitangaza. Niliijua kwa sababu ya tumbo lake: kila mwezi ukiwa mpevu alikuwa hali samaki wala nyama, na ikishapita adhuhuri hali kitu mpaka kesho. Nikamwambia na sisi tuna wanaofunga siku zile zile, siku nyeupe za katikati ya mwezi. Akafurahi kama niliyemwambia tuna babu mmoja.

Siku moja nahodha mmoja, nimwite Bakari, aliingia kibandani anatoka povu. Injini yake ilikuwa imeharibika mara ya pili. Alimsimamia Bwana Soma kichwani, akamtukana matusi ambayo siwezi kuyaandika kwa mkono niliotoka kutawadhia. Akamwita kafiri mwabudu mawe. Mafundi wote wakaacha kula. Bwana Soma akamsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nahodha, nitaitazama tena saa nane. Umekula?"

Bakari akatoka. Mimi nikakasirika kuliko aliyetukanwa. Nikamwendea, lugha ya kisiwani ikanitoka.

"Wewe huna damu? Mchu akutukane hivi, wewe wamuuliza amekula?"

Akafuta mdomo. "Mama Omari," maana wakati ule watu bado waliniita hivyo, "ukimpakulia mtu sahani ya wali, naye akakataa kula, wali ule wa nani?"

"Wangu. Nitaurudisha chunguni."

"Basi. Na matusi ni hivyo. Nahodha amepakua, mimi sikula. Ameondoka nayo." Kisha akacheka kidogo. "Hayo si maneno yangu. Budha mwenyewe aliyasema, zamani sana. Mimi yalinichukua miaka mingi kuyameza."

Nilimwona mpumbavu. Lakini siku ile nikiosha vyungu nilijikuta nafikiri: mimi ninakula sahani ngapi kwa siku ambazo hata hakuna aliyenipakulia?

Baada ya mwezi au miwili niliungua. Mafuta ya samaki yalinirukia mkono huu wa kushoto, hii alama unayoijua. Kosa lilikuwa langu, nilitia samaki mwenye maji. Lakini nilimlaani aliyeleta samaki, nikalaani kuni, nikamlaani babako ambaye hakuwepo, na kwa kuwa mdomo ulikuwa umeshafunguka nikamlaani na Mwanaesha. Mpaka mchana nilikuwa bado nasema. Bwana Soma alikuja kurudisha sahani, akautazama mkono wangu.

"Mafuta yamekuunguza mara moja," akasema. "Tangu asubuhi unajiunguza mwenyewe. Mara ngapi sasa?"

Nikamwambia, na Mungu anisamehe, "Wewe usiye na mtoto wala mke, umepoteza nini hata uje kunifundisha mimi uchungu?"

Alikaa kwenye benchi. Akavua miwani. Akaniambia alikuwa na mke. Alikufa kwa uzazi huko kwao, yeye akiwa Mombasa, na mtoto akamfuata. Miaka miwili alimchukia mkunga ambaye hata sura yake hakuijua. Alipochoka kumchukia mkunga akajichukia yeye mwenyewe. Alipokwenda kwao, mtawa mmoja mzee alimketisha chini akamfundisha kutazama pumzi yake.

"Kutazama pumzi?" nikasema. "Hata mbuzi anapumua."

"Mbuzi hahesabu," akanijibu.

Mwanangu, nilicheka. Nilikuwa nimesahau sauti ya kicheko changu, hata ikanishtua.

Nikamuuliza, mtawa huyo alikufundisha kusahau? Akasema, "Hapana. Alinifundisha kukaa na kitu bila kukimbia na bila kukipiga. Uchungu wa kwanza hauna dawa, mama. Mke wangu amekufa, ndiyo hivyo. Ule wa pili, tunaojipa wenyewe, huo una dawa."

Basi akanifundisha, pale pale baina ya meko na benchi. Hakuna uchawi wala maneno ya siri. Kaa. Ivute pumzi, ijue. Itoe, ijue. Hesabu mpaka kumi. Akili ikikimbia irudishe taratibu, kama unavyomrudisha mtoto anayejifunza kutembea, usiipige. Na hasira ikija, iambie tu moyoni, "hasira hii imekuja," kama unavyosema mvua imekuja. Moshi ukijaa jikoni haufukuzwi kwa mkono. Toa ukuni.

Kesho yake nikamwambia nimejaribu, nimefika nne, Mwanaesha akaingia.

"Nne?" akasema. "Mimi miaka kumi hii, siku nzuri nafika saba."

Lakini nilikuwa na hofu. Hofu ya dini. Nikaenda kwa Maalim Kombo, Mungu amrehemu, aliyekufundisha juzuu zako za kwanza. Nikamweleza yote nyuma ya pazia. Akaniuliza, "Amekwambia usujudie sanamu?"

"La, Maalim."

"Amekwambia uache sala?"

"La. Yeye mwenyewe adhana ikitoka huniambia, mama, nenda, chungu nitakutazamia."

"Sasa amekufundisha nini?"

"Ninyamaze nikikasirika. Nihesabu pumzi kabla sijajibu. Nimtakie heri ninayemchukia."

Nikamsikia Maalim anavuta pumzi. "Mwanamize, hayo nimekwambia mimi mara ngapi? Hukunisikia. Ikiwa umemsikia fundi wa injini, basi alhamdulillahi. Shika sala yako, na hayo yafanye."

Nikawa nafanya baada ya sala ya alfajiri, kabla hamjaamka. Na lile la kumtakia mtu heri ndilo lililonivunja. Bwana Soma alisema: anza na unayempenda, umtakie usalama na raha. Kisha mtu usiyemjua vizuri, kama yule muuza maji. Kisha adui yako. Kwangu mimi iligeuka dua. Nilikuombea wewe, ikawa tamu. Nikamwombea muuza maji, ikawa nyepesi. Nilipofika kwa Mwanaesha ulimi ulikwama. Siku ya kwanza ulikwama, ya pili, ya tatu. Siku moja badala ya kuinuka nikabaki nimekaa, kama alivyonifundisha, nikauangalia ule mkwamo kuona ndani yake mna nini.

Na nilichokikuta, Maryamu, sikuwahi kumwambia mtu mpaka wakati ule, hata babako.

Siku ile ya kwanza ya homa, Mwanaesha alinitumia mtu. Mvuvi wa kwetu aliyekuja Kismayo kuuza kamba alipita nyumbani akaniambia, "Dadako asema mtoto amechemka, njoo." Nami nilikuwa napaka chokaa. Nilikuwa nimebakisha ukuta mmoja. Nikasema, watoto huchemka, Mwanaesha hajazaa ndiyo maana anaogopa upesi, nitakwenda kesho kutwa nikimaliza. Nikachovya brashi nikaendelea.

Ukuta mmoja.

Miaka saba nilimshikilia Mwanaesha ili nisiuone ukuta ule. Hasira ilikuwa inanifaa. Ilikuwa inafunika chungu chenyewe. Nililia asubuhi ile mpaka babako akaja akidhani nimepata habari ya msiba. Nikamwambia ndiyo, ni msiba ule ule, leo ndiyo nimeupata.

Baadaye, nikiwa nimetulia, likanijia jambo la pili, nalo liliniuma vingine. Mwanaesha alijua kuwa ujumbe ulinifikia. Yule mvuvi alirudi akamwambia, bila shaka. Siku ile mbele ya wanawake wote, nilipomwita muuaji, alikuwa na neno moja la kujitetea, na neno lenyewe lingenimaliza mimi. Hakulisema. Na miaka saba yote, kisiwani walipokuwa wakimnyooshea vidole, hakulisema.

Wiki hiyo hiyo nikakuchukua tukaenda Chovai. Wewe unakumbuka safari hiyo kwa kutapika kwako. Tulimkuta Mwanaesha kibarazani anasuka ukili. Alikuwa amekonda, nywele za mbele zimekuwa nyeupe. Alinitazama, akakutazama wewe, akarudi kunitazama. Nilikuwa nimetunga maneno mengi njiani. Yote yalipotea. Nikasema:

"Mvuvi alifika, Mwanaesha. Alinipa habari. Nilikuwa napaka chokaa."

Akasema, "Najua."

"Mbona hukusema? Mbele ya wachu wote, mbona hukusema?"

Akauweka ukili chini. "Ningesema, Mwanamize, wewe ungebaki na nini?"

Nilikaa chini kwenye mchanga, nikaweka kichwa miguuni pake, naye akanishika kichwa kama alivyokuwa akinishika tukiwa watoto nikiumwa sikio. Wewe ukasimama pale na kidole mdomoni. Kisha ukauliza, "Huyu nani?" Naye akajibu kabla yangu, "Mimi ndimi mamako mkubwa. Nimechelewa kidogo."

Tulikwenda kaburini sote watatu. Tuling'oa majani. Siwezi kukwambia kuwa uchungu uliondoka, kwa sababu haukuondoka, upo hadi leo na kila mwezi wa Omari unapofika unanikumbusha jina lake. Lakini umekuwa uchungu mmoja tu. Sikupata kujua mpaka siku ile jinsi uchungu mmoja ulivyo mwepesi ukiondolewa wenzake. Usiku ule nililala Chovai usingizi wa mtoto. Mwanaesha tukaja naye Kismayo mwaka uliofuata, na nyumba ikaanza kunuka bizari tena. Babako akaacha kuchungulia mlangoni.

Bwana Soma aliondoka mkataba wake ulipokwisha. Nililia kama mtu wa familia. Nikamwambia, "Sasa nani atanifundisha?" Akasema, "Mama, kila kilichokutana kitaachana, injini, watu, hata mimi na wewe. Ndiyo maana chai ya leo tunaifurahia." Akanywa chai yake mpaka mashapo, akanishukuru, akapanda gari. Hakuacha anwani. Kila mwezi ukiwa mpevu huwa nafikiri kuwa mahali fulani kuna mtu mdogo mwenye miwani ya uzi amekataa samaki.

Basi ukisikia hayo utadhani mamako alihitimu. Nami nilidhani hivyo. Sasa nafika pale nilipokuahidi.

Barua yako ya kukubaliwa skuli ya wauguzi haikuja siku ile niliyokupa. Ilikuja siku kumi na moja kabla.

Nilipewa mimi mlangoni na dereva aliyetoka nayo Mogadishu, wewe ukiwa kisimani. Niliona mhuri wa Mogadishu, nikajua. Nikaitia chini ya kopo la unga. Nilijiambia nitampa jioni. Jioni nikajiambia nitampa kesho. Kila siku ulikwenda posta ukarudi umekunja uso, ukaacha kula, na mimi nikakupakulia wali na kukwambia, "Subira, mwanangu, huenda nafasi zimejaa." Niliyasema hayo kwa mdomo huu. Siku ile ulipoketi kizingitini ukasema, "Labda mimi si mtu wa kwenda popote," nilikusikia, nami nikakusogezea kitunguu ukate.

Nilikuwa nimezika mtoto mmoja kwa kumwacha. Moyo ukanidanganya kwamba safari hii nikishika vizuri, nikikaza mkono, hakuna atakayekufa. Nilikaa kila alfajiri kuhesabu pumzi na sikufika hata mbili. Mtu hawezi kutulia juu ya kopo la unga lililolalia barua ya mwanawe.

Aliyejua ni Mwanaesha. Aliinua kopo apike maandazi. Hakunipigia kelele. Aliliweka chini, akaniuliza, "Unapaka ukuta gani sasa, Mwanamize?"

Siku ile ile nikakupa, na nikakwambia imekuja leo. Uliruka, ukanibusu mikono, ukanishukuru. Shukrani zile zimenilala kifuani kama jiwe mpaka leo. Siku za kujibu zilikuwa zimebaki nne tu. Unakumbuka babako alivyokwenda kumsihi dereva wa lori la ng'ombe aichukue barua yako kwa mkono? Ilifika siku ya mwisho. Ingechelewa kidogo, ungekuwa umekaa hapa maisha yako yote ukidhani hukustahili, nami ningekuwa nimekufanyia hilo kwa jina la mapenzi. Na wale watu wa posta uliowalaani wiki nzima hawakuwa na kosa. Uwatakie heri.

Bwana Soma aliwahi kuniambia kuwa tunateseka kwa kushika kilichoumbwa kupita. Nilikuwa nikimwitikia, kwa kuwa nilifikiri anasema habari za vyombo na nyumba. Sikufikiri anasema habari za wewe. Nimekuwa nikijaribu siku hizi, Maryamu, nikikukunjia nguo zako: nakupenda, halafu naulegeza mkono, nakupenda, halafu naulegeza. Inakubali. Si kila mara. Jana ilikubali, leo asubuhi nimelia kwa sababu ya soksi.

Huko utakuwa muuguzi. Atakuja mama mwenye mtoto aliyechelewa kuletwa, na atatafuta wa kumlaumu, na utakuwa wewe uliye karibu. Sikufundishi la kufanya. Nakwambia tu kwamba mama huyo namjua. Na siku itafika wewe mwenyewe utakosea jambo ambalo haliwezi kurudishwa, kila mwenye kazi ya mikono hufika hapo. Siku hiyo usitafute mtu wa kumtwika. Kaa. Pumua. Lione lilivyo, uliseme kwa aliyeumia, kisha uamke ukafanye kazi ya kesho. Mimi ilinichukua miaka saba kujua kwamba inawezekana. Wewe pengine ikuchukue wiki.

Nataka ujue pia kwamba nina raha. Usiende na picha ya mama anayelia dirishani. Nina mume ambaye ameiharibu redio na bado anapiga mluzi. Nina dada jikoni. Alfajiri yangu ni ya kimya na ni yangu. Siku hizi, siku nzuri, nafika sita.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kuikunja barua hii niifiche ndani ya nguo zako, uikute Mogadishu, ukasirike huko mbali, na hasira yako inifikie imeshapoa. Sasa nimefika mwisho nimeona ni tabia ile ile. Sitakuficha barua ya pili.

Nakusikia unakuja, unaongea na watu njiani. Utaingia, utavua viatu, na mimi nitakupa karatasi hizi mkononi kabla hujala. Kisha nitakaa hapa hapa mbele yako mpaka utakapomaliza kuzisoma, na lolote utakalolisema nitalisikia lote.

Mamako aliyekuzaa,
Mwanamize